Hema Lililoandikwa Mara Mbili

Katika vitabu vyote vya Agano la Kale, labda hakuna kinachojulikana na wakristu wetu kuliko kitabu cha Kutoka. Wanajua mtoto aliyewekwa katika kikapu, kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, mapigo ya Misri, bahari iliyopasuka, mana, amri kumi. Katekista akianza kusimulia, watoto wanamalizia maneno. Lakini kuanzia sura ya 25 mambo yanageuka. Msomaji anakuta mbao, pete, kulabu, mapazia, ngozi, na vipimo vya mikono miwili na nusu, mkono mmoja na nusu. Akivumilia mpaka sura ya 32 anapata kupumua kidogo kwa habari ya ndama wa zahabu. Kisha, tangu sura ya 35, anakuta tena mbao zile zile, pete zile zile, vipimo vile vile. Wengi hufunga kitabu pale, na wafundishaji wengi huruka toka ndama mpaka kuingia katika inchi ya ahadi, kama kwamba sura hizo hazikuandikwa.

Tuhesabu basi. Kitabu kina sura 40. Katika hizo, 13 zaeleza habari za hema: 7 kabla ya kosa la ndama (25 mpaka 31), na 6 nyuma yake (35 mpaka 40). Karibu theluthi moja ya kitabu! Mwandishi mwenyi kulipa jambo moja theluthi ya kitabu chake, tena akaliandika mara mbili, bila shaka ana neno la kutuambia. Kazi yetu katika kurasa hizi ni kulitafuta neno lile. Tunaona kwamba kurudia kule, kunakowachokesha wasomaji, ndiko habari njema yenyewe ya kitabu cha Kutoka.

Kwanza tuulize: Mungu aliwatoa Waisraeli Misri kwa kusudi gani? Wengi watajibu: ili wawe huru. Wengine watasema: ili wapate inchi ya maziwa na asali. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayafiki mwisho. Katika sura ya 29, mistari ya 45 na 46, Mungu mwenyewe anataja kusudi lake: aliwatoa Misri ili akae kati yao. Uhuru ni njia, na inchi ni pahali pa kukaa. Lakini anayetaka kukaa, kabla ya watu wenyewe, ni Mungu. Hamu ya kukaa pamoja ilianza kwake. Hakuna mahali katika sura hizo ambapo watu wanaomba kumjengea Mungu makao. Yeye ndiye anayeomba nafasi katika kambi la watu waliotoka utumwani jana.

Tuangalie vilevile maneno ya sura ya 25, mstari wa 8. Mungu anaagiza watu wamfanyizie pahali patakatifu. Mtu angengoja aseme kwamba atakaa humo. Lakini maandiko ya Kiebrania hayasemi hivyo. Yanasema atakaa kati yao. Lugha yetu yaonyesha tofauti hii waziwazi: neno «humo» lingeonyesha nyumba, lakini «kati yao» laonyesha watu. Hema ni chombo tu cha ujirani huo. Mwenyi kukaliwa ni taifa. Mhubiri asiyeona neno hili dogo atawafundisha wakristu kumtafuta Mungu katika jengo, na watakapotoka mlangoni watafikiri wamemwacha ndani.

Neno la Kiebrania linalotaja hema hili ni «mishkan», yaani makao. Latoka katika neno «shakan», kukaa. Walatini walitafsiri «tabernaculum», yaani hema. Basi kila siku, katika kanisa la kila misioni, tunapiga goti mbele ya tabernakulo, na wachache wanakumbuka kwamba jina lile ni jina la hema la wasafiri. Tunalifungia kwa ufunguo, tunalijenga kwa jiwe au chuma, lakini jina lake bado lasema kitambaa na kamba.

Sasa tufike kwenye shida ya wataalamu. Katika karne ya 19 Mjerumani Julius Wellhausen alifundisha kwamba hema hili si kitu cha jangwani. Kadiri yake, makuhani wa nyuma walichukua sura ya Hekalu la Yeruzalemu, wakalipunguza, wakaliweka jangwani kwa njia ya mawazo. Wataalamu wengine walipinga, wakaonyesha kwamba makabila ya jangwani yalikuwa na mahema matakatifu tangu zamani. Hatutakata shauri hilo hapa. Wengi leo wakubali kwamba sura hizi, kama tunavyozisoma, zimetoka katika mikono ya makuhani, na kwamba kazi yao yahusu sana wakati wa uhamisho wa Babeli, Hekalu lilipokwisha kuchomwa katika mwaka 587 mbele ya Kristu. Wafratri wengine wakisikia hivyo huogopa, kama kwamba maandiko yamepoteza nguvu. Sisi twaona kinyume. Fikiri watu wasio na Hekalu, wasio na mfalme, waliopelekwa mbali katika inchi ya kigeni. Makuhani wao wanawasomea habari za makao ya Mungu yaliyofanyizwa jangwani, kabla ya mfalme yeyote, kabla ya mji wowote, makao yanayokunjwa na kubebwa. Kwa wasikilizaji wale, kila pete na kila mti ulikuwa faraja. Walijifunza kwamba Mungu alikaa na baba zao walipokuwa bado hawana kitu.

Lakini kwa nini mara mbili? Wataalamu wengine walijibu upesi: sura 35 mpaka 40 ni nyongeza ya mkono mwingine. Kweli, tafsiri ya zamani ya Kigriki ni fupi kuliko Kiebrania katika sura hizi, na mpango wake ni tofauti. Inaonekana sehemu hii ilikuwa na historia ndefu. Walakini kusema namna andiko lilivyokua hakutoshi kueleza lasema nini. Aliyelipanga mwisho alitaka lisomwe hivi. Basi tutazame mpango wake.

Katika sura 25 mpaka 31 Mungu anasema na Musa mara 7, na mara ya saba anasema juu ya Sabato, siku ya kupumzika. Halafu wakuja ndama, sura 32 mpaka 34. Na sura ya 35 yaanza na nini? Na Sabato tena. Kosa kubwa la Israeli limewekwa katikati ya Sabato mbili, kama mwiba kati ya vidole viwili. Mbele yake kuna maagizo yote ya hema. Nyuma yake kuna utimizo wote wa maagizo yale. Hakuna lililopunguzwa. Sanduku lilikuwa la mikono miwili na nusu kabla ya kosa. Ni la mikono miwili na nusu nyuma ya kosa. Mbao zilikuwa 48, zimebaki 48. Ndivyo mwandishi anavyotuambia, kwa kutumia vipimo tu, kwamba watu walisamehewa. Kama angeandika kwa neno moja kwamba kazi ilifanyika kama ilivyoagizwa, tungejua kwamba hema lilijengwa. Tusingesikia uzito wa jambo. Kila kipimo kinachorudi ni ahadi isiyorudishwa nyuma. Tena, katika sura ya 39 mwandishi anarudia mara 7 kwamba kazi ilifanyika kama Bwana alivyomwagiza Musa, na katika sura ya 40, hema linaposimamishwa, anarudia mara 7 nyingine. Anayesoma kwa sauti, polepole, atasikia mwendo wake kama wa litania.

Ili kuona kwamba msamaha huu haukuwa jambo jepesi, tusome vizuri sura ya 33. Nyuma ya ndama, Mungu hasemi kwamba atawanyima inchi. Anasema waende, malaika atawatangulia, adui watafukuzwa, maziwa na asali vitakuwapo. Jambo moja tu litakosekana: yeye mwenyewe hatapanda kati yao, asije akawaangamiza njiani, kwani ni watu wenyi shingo ngumu. Watu wakapata kila kitu walichokuwa wameahidiwa, isipokuwa Mungu. Wakafanya nini? Mwandishi aita neno lile habari mbaya. Watu wakaomboleza, wala hakuna aliyevaa mapambo yake. Hapa ndipo Israeli alipoanza kuelewa. Leo katika miji yetu kuna wahubiri wanaoahidi kazi, ndoa, mali na ushindi juu ya adui, na wakristu wetu wanawakimbilia. Tukitaka kuwajibu, tusianze kwa kuwatukana. Tuwasomee watu sura hii, tuwaulize: je, mkipewa yote hayo bila Mungu mwenyewe, mtacheka ao mtalia?

Katika sura ile ile Musa anasimamisha hema nje ya kambi, mbali nayo. Si lile hema kubwa, ambalo lilikuwa bado kufanyizwa. Lakini msomaji aona hatari: makao yaliyotakiwa katikati sasa yako nje, na mwenyi kumtafuta Bwana lazima atoke. Musa hakubali. Anasema: kama wewe mwenyewe huendi nasi, usitutoe hapa. Mwisho, katika sura ya 34, mstari wa 9, anaomba neno la ajabu: Bwana aende kati yao, na sababu anayoitoa ni kwamba watu hawa wana shingo ngumu.

Watafsiri hawapatani hapa. Neno dogo la Kiebrania «ki» laweza kusema «kwa sababu», na wengine wamelitia «ingawa», kwa kuwa waliona haifai kutoa kosa kuwa sababu ya kuomba. Sisi twashika «kwa sababu». Shingo ngumu ndiyo sababu Mungu aliyoitaja ya kutokwenda nao. Musa anachukua maneno yale yale, anayageuza kuwa sababu ya kwenda nao. Kama mgonjwa angesema: Daktari, usinikimbie juu ya ugonjwa wangu, ni juu ya ugonjwa wangu nimekuita. Tena mageuzi ya namna hii tumekwisha kuyaona katika kitabu cha Mwanzo: ubaya wa moyo wa mtu uliotajwa kuwa sababu ya gharika katika sura ya 6, unatajwa katika sura ya 8 kuwa sababu ya kutoilaani inchi tena. Anayetafsiri «ingawa» amelainisha andiko, na katika kulilainisha amewanyima wakosefu silaha yao. Sala hiyo husomwa katika Misa ya Utatu Mtakatifu, mwaka A. Padri aitumie vizuri siku ile.

Musa alisikilizwa, na jibu la sala yake ni sura zile sita za mbao na pete. Tutazame mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni pete za masikio. Katika sura ya 32 watu walitoa pete za zahabu za masikio, Haruni akazifanya ndama. Katika sura ya 35 watu, wanaume na wanawake, waleta tena mapambo ya zahabu, na neno moja la Kiebrania lataja pete zile katika sura zote mbili. Mara hii walileta mengi hata mafundi wakalalamika kwamba yamezidi, na Musa akatangaza katika kambi watu waache kuleta. Mikono iliyotoa kwa ajili ya sanamu ndiyo iliyotoa kwa ajili ya makao. Mungu hakutafuta mikono mingine.

La pili ni fedha, na hapa tunaomba msomaji asiogope hesabu. Kila mwanamume aliyehesabiwa, mwenyi miaka 20 na kupita, alitoa nusu shekeli. Sura ya 30 yakataza tajiri kuzidisha na maskini kupunguza. Sura ya 38 yasema walikuwa watu 603,550, na fedha yao ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Hesabu inapatana, kwani talanta moja ni shekeli 3,000. Fedha hiyo ilifanya kazi gani? Talanta 100 ziliyeyushwa zikawa vitako 100, talanta moja kwa kila kitako. Na juu ya vitako hivyo zilisimama mbao za hema na nguzo za pazia. Shekeli 1,775 zilizobaki zikawa kulabu na mapambo ya nguzo za ua. Maana yake, kila kitako kilibeba nusu shekeli za watu 6,000, na hakuna aliyeweza kusema: kipande hiki ni cha tajiri fulani. Zahabu na vitambaa vilitolewa kwa kupenda, kila mtu kadiri ya moyo wake. Lakini miguu ya nyumba ilitoka kwa wote sawasawa. Makao ya Mungu kati ya watu yalisimama, kwa kweli kabisa, juu ya watu.

Jambo hili linatugusa. Tunapojenga kapela katika kijiji, tunajua namna mambo yanavyokwenda: mfadhili mmoja anatoa mabati, jina lake linaandikwa ukutani, na wajane walioleta mchanga kwa vichwa vyao hawaandikwi popote. Hatusemi mfadhili asishukuriwe. Besaleli na wasaidizi wake walitumia zahabu ya wenyi nayo. Twasema tu kwamba kapela isiyo na nusu shekeli ya kila mtu itasimama kama jengo, lakini haina vitako.

Mwisho wa kitabu ni siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza katika mwaka wa pili wa safari. Musa anamaliza kazi, wingu lafunika hema, utukufu wa Bwana walijaza, na Musa mwenyewe hawezi kuingia. Kitabu kilichoanza na watu waliojenga miji kwa Farao kwa mapigo, chamalizika na watu waliojenga makao kwa Mungu kwa kupenda. Na hadithi yakoma jangwani, hawajafika popote. Lakini aliyetaka kukaa nao amekwisha kufika. Katika masomo ya Misa ya siku za juma, mwaka wa kwanza, twasoma mwisho huu siku ya Alhamisi ya juma la 17. Ni somo moja, siku ya kazi, watu wachache kanisani. Yafaa basi padri asilipitie mbio.

Tuongeze neno juu ya ile miti miwili ya kubebea Sanduku. Sura ya 25 yakataza isitolewe kamwe katika pete zake. Salomoni alipoliweka Sanduku katika Hekalu la mawe, miti ile ilikuwa bado mahali pake, na kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 8, chasema ncha zake zilionekana toka Patakatifu. Nyumba imekuwa ya mawe, lakini Mungu ameacha miti ya safari ndani. Walipohamishwa, Ezekieli aliuona utukufu wa Bwana ukitoka mjini, akasikia kwamba Mungu mwenyewe amekuwa patakatifu kwao katika inchi walizokwenda. Na Mtakatifu Yoane, alipotaka kusema Neno alifanyika mtu, alichagua neno la Kigriki linalotoka katika jina la hema: alipiga hema kwetu. Tukitafsiri «akakaa» tu, hatukukosa, lakini kitambaa kimepotea. Mwili wa Yezu Kristu ndio kitambaa kile. Mwishoni mwa Ufunuo Yoane asikia tena habari ya hema la Mungu pamoja na watu, halafu aona mji usio na hekalu. Padri Yves Congar, Mdominikani wa Ufaransa, alifuata njia hii yote toka Mwanzo mpaka Ufunuo katika kitabu chake Le Mystère du Temple, kilichotoka katika mwaka 1958. Mfratri anayesoma Kifaransa akitafute.

Yabaki kuonya juu ya hatari moja. Mtakatifu Beda wa Uingereza, katika karne ya 8, aliandika kitabu kizima juu ya hema, akatafuta maana ya kiroho katika vyombo vyake na vipimo vyake. Twaheshimu kazi ile. Lakini mhubiri wa leo asijaribu kupata fundisho katika kila kulabu. Wasikilizaji watashangaa akili yake na kusahau Mungu. Sura hizi hazitaki kufumbuliwa kama vitendawili. Zinataka kusikilizwa pamoja, za mbele na za nyuma, na ndama katikati.

Tunawaza hasa katekista anayeulizwa na mkristu aliyeanguka: je, Mungu amehama kwangu? Na tunawaza wakristu wengi wa Mashariki ya inchi yetu ambao vita imewafukuza vijijini, wakajua maisha ya hema kwa mvua na kwa baridi, mbali na kanisa walimobatizwa. Watu hao wote wawili wana haki ya kusikia sura hizi. Wa kwanza asomewe sura ya 34, halafu ya 36, ili asikie vipimo vinavyorudi. Wa pili asomewe sura ya 40, naye hatahitaji maelezo mengi juu ya neno hema.